Ushauri: Kumtembeza baba kando ya mfereji wa Llangollen, na hofu yangu ya kuvuka daraja la Pontcysyllte

Mwanzisha uzi

Heshima kwenu wanajamvi. Ninaishi Birmingham, na mwezi wa Mei baba yangu atakuja kunitembelea kutoka Tanga. Amefanya kazi ya uashi kwa zaidi ya miaka 40, sasa ana miaka 68, na miguu yake ina nguvu kuliko yangu. Sitaki siku zake ziishie madukani. Nimekusudia kumpeleka kaskazini mwa Wales tukatembee kando ya mfereji wa Llangollen, kwenye ile njia iliyokuwa ikipitwa na farasi wakivuta mashua za mizigo kwa kamba, ili ajionee madaraja yaliyojengwa na mafundi wenzake zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Tatizo ni mimi. Ninaogopa sana mahali pa juu, na nimesoma kwamba daraja la Pontcysyllte, linalovusha mfereji huo juu ya bonde, limeinuka mita 38 juu ya Mto Dee na kwamba upande wake mmoja hauna kizuizi chochote. Naomba kujua: tuanzie Chirk au Llangollen? Je, mtu mwoga anaweza kulivuka bila kujiaibisha mbele ya mzazi wake?

Mkazi wa Bondeni

Karibu, ndugu. Sehemu iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2009 ina urefu wa kilomita 18, kuanzia Gledrid hadi kwenye maporomoko ya Horseshoe, lakini si lazima muitembee yote. Kutoka Chirk hadi mji wa Llangollen ni kama kilomita 12 au 13, na njia ni tambarare karibu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mfereji hufuata usawa wa ardhi na haupandi vilima. Kwa mzee mwenye miguu ya namna hiyo ni mwendo wa siku moja, pamoja na mapumziko.

Zipo treni za kutoka Birmingham kupitia Shrewsbury zinazosimama Chirk. Mkishuka, msikimbilie kaskazini kama wanavyofanya wengi. Rudini kwanza kusini kidogo mkalione daraja la Chirk la mwaka 1801, lenye matao 10, linalovusha mfereji juu ya Mto Ceiriog kwenye mpaka wa Uingereza na Wales. Kando yake kuna daraja la reli lililo juu zaidi, nalo lilikuja baadaye. Baina ya daraja hilo na kituo mtapita handaki lenye urefu wa takriban mita 420, kwa hiyo bebeni tochi, maana katikati ni giza la kweli.

Fundi Chokaa

Shikamoo imfikie mzee. Mimi pia ni mwashi, na nilipofika Pontcysyllte nilikaa chini ya daraja muda mrefu zaidi kuliko juu yake. Nguzo zote 18 ni za mawe, na sehemu zake za juu zimeachwa wazi kwa ndani, zikakazwa kwa kuta za kukingama ili kupunguza uzito. Inasemekana chokaa yake ilichanganywa na damu ya ng'ombe. Mwulize baba yako ana maoni gani kuhusu jambo hilo. Juu ya nguzo limelazwa hori la chuma lenye urefu wa mita 307, ambalo ndilo linalobeba maji. Kazi ilianza mwaka 1795 chini ya wahandisi William Jessop na Thomas Telford, na daraja likafunguliwa tarehe 26 Novemba 1805.

Jambo ambalo mzee atalipenda ni kwamba njia ya miguu haiko pembeni mwa hori, bali imejengwa ndani yake, juu ya maji, ili mashua inapopita maji yapate nafasi ya kusogea chini ya njia.

Mama Wawili

Kuhusu hofu, nitasema kwa uzoefu, kwani mimi nililivuka huku nikisoma dua. Upande usio na kizuizi ni ule wa magharibi, ng'ambo ya maji, ambako hakuna mtu anayetembea. Njia ya miguu iko upande wa mashariki na ina vyuma imara vya kushikilia, kwa hiyo ukitokea Chirk vyuma vitakuwa mkono wako wa kulia na maji mkono wa kushoto. Tazama mgongo wa baba yako, usitazame kushoto, wala usisimame katikati kupiga picha. Ukishindwa kabisa, ipo barabara inayoshuka bondeni na kuvuka Mto Dee kwa daraja la kale la mawe, kisha hupanda hadi Trevor upande wa pili. Mwache mzee apite juu, wewe pita chini, mkutane huko.

Mkazi wa Bondeni

Naongeza kwamba mkifika Trevor mtakuta gati ambapo mfereji mkuu unaishia, na wageni wengi hupotea hapo. Njia ya Llangollen inakata kushoto.

Msafiri wa Treni

Mimi ningefanya kinyume. Mji wa Llangollen hauna treni ya kawaida, kwa hiyo shukeni Ruabon, pandeni basi hadi Llangollen asubuhi, kisha tembeeni kuelekea Chirk. Mkichelewa, mtakuwa mmechelewa kwenye kituo cha treni cha Chirk na si kwenye kituo cha basi cha Llangollen. Kabla ya kuondoka, angalieni matangazo ya shirika linalotunza mfereji, Canal & River Trust, kwani njia hufungwa pengine kwa matengenezo.

Mwanzisha uzi

Nawashukuru nyote. Nimempigia baba simu nikamsomea habari ya damu ya ng'ombe, akacheka sana, kisha akauliza mawe yale yalichongwa wapi. Tutaanzia Llangollen kama alivyoshauri Msafiri, na vyuma vitakuwa mkono wangu wa kushoto. Nitatangulia mimi, ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma.