Hizi AC zenu lazima zitupulizie sisi tunaouza nje?

Assalamu alaykum wanajukwaa. Leo sina salamu ndefu. Nimerudi nyumbani kichwa kinanigonga, naandika na kanga mbichi mabegani.

Mimi nauza urojo na kachori mjini Unguja, ubavuni mwa jengo moja la ofisi, sitolitaja. Mwaka wa saba huu nipo pale. Zamani lilikuwa na madirisha ya kufungua. Mwaka jana yakazibwa kwa vioo, AC zikatiwa kila chumba, na yale maboksi ya nje yakafungwa ukutani usawa wa kifua. Matano kwa mstari! Saa 2 asubuhi yanaanza kupuliza, mpaka wenyewe waende zao.

AC haiumbi baridi, jamani. Inachota hari iliyomo ndani, inaitupa nje, na juu yake inaongeza hari ya umeme inaoula. Kwa hiyo wao wakijipoza, mimi ndiye jaa lao. Juzi kijana wa humo kashuka kununua urojo, kavaa sweta. Sweta! Mwezi wa pili, kaskazi imekaza! Nikamuuliza, mwanangu unaumwa? "Hapana bi, ndani baridi, na rimoti anayo bosi." Nilicheka, lakini si kicheko cha furaha.

Chatne yangu ya nazi naisaga alfajiri. Zamani ilikuwa ikifika alasiri. Sasa hata adhuhuri haijaadhiniwa imeshachacha, namwaga. Nani atanilipa nazi zangu?

Nimekwenda kulalamika. Wa kwanza kanambia joto ni la Mungu, kaskazi ipo kila mwaka. Ipo ndiyo, Disemba mpaka Machi, majahazi yalikuja nayo kabla babu zetu hawajazaliwa. Lakini yale maboksi hakuyafunga Mungu. Wa pili kanionesha simu: "Mbona nyuzi 32 tu?" Hizo 32 hupimwa kivulini, kipimo kimo ndani ya kisanduku cheupe kinachopitisha upepo. Hazikupimwa juu ya lami wala chini ya bati. Na kwa unyevu huu wa kwetu, jasho linamwagika tu, halikauki. Jasho lisipokauka, mwili haupoi.

Ningekuwa nikifika nyumbani napumua, nisingefungua uzi huu. Naishi Jang'ombe, nyumba ya bati, siling'i hakuna. Bati limekula jua kutwa, usiku linatutemea. Mama yangu kapita miaka 70, ana presha na anakunywa vidonge vya kukojoza. Daktari kamwambia anywe maji kwa wingi na asikae kwenye hari. Aende wapi sasa? Na hayo maji ya bomba yanatoka saa 8 za usiku. Mjukuu wake mgongo mzima harara, anajikuna mpaka damu. Feni tunayo, ila umeme wa mita ukimalizika usiku wa manane ndiyo tunatandika mkeka kibarazani, sisi na mbu.

Wakubwa mnakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima giza miezi mitatu. Waliokuwa na jenereta walilala. Sisi tulikesha tunapepeana kwa vipepeo vya ukili, na hari ilikuwa hii hii ya kaskazi.

(Wazee walijua kujenga, tuseme kweli. Ingia Mji Mkongwe saa 7 mchana: kuta nene za mawe na chokaa, vichochoro vinatiliana kivuli. Leo humo wanalala wageni wa hoteli, sisi tuko mabatini.)

Na msinambie nchi maskini haiwezi kitu. Freetown, Sierra Leone, mwaka 2021 waliteua ofisa wa kushughulikia joto la mji, na akina mama wa masokoni wakawekewa mapaa ya kivuli. Wametuzidi utajiri wale?

Mimi hata paa siombi. Nataka maboksi matano yahamishiwe juu ya jengo, yapulize mawinguni huko. Fundi nimeshamuuliza, anasema ni kazi ya siku mbili, mabomba tu yarefushwe. Jibu nililopewa ofisini ni kwamba nikiona joto nihame mimi.

Kesho nakwenda na kipande cha bati nijikinge nalo, nilisimamishe baina yangu na hayo maboksi. Wakiling'oa, nitarudi hapa na picha.