Sinema ikigeuzwa baa mnapiga kelele, ikioza mnanyamaza. Nimechoka!

Wadau, leo nina hasira na sitaficha.

Juzi nilituma kwenye grupu la ukoo picha za Capitol, jengo la sinema la zamani hapa Forest Hill, kusini mwa London, ambalo siku hizi ni baa. Jibu la kwanza: "Astaghfirullah, bora wangelibomoa." Bora wangelibomoa! Na aliyeandika hivyo amezaliwa Vuga, Unguja, hatua chache tu kutoka sinema yetu ya zamani, Majestic.

Mimi pombe situmii. Niliingia nikaagiza kahawa, nikakaa kuangalia juu. Jengo lile lilifunguliwa 1929, mchoro wa John Stanley Beard. Filamu zikakoma 1973. Ikaja bingo, ule mchezo wa bahati nasibu wa namba, nayo ikafa 1996, milango ikafungwa. Lilipofunguliwa tena 2001 ndipo likawa baa. Lakini lilikuwa limeshawekwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kisheria, kwa hiyo mwenye baa hakuwa na ruhusa ya kubomoabomoa anavyotaka. Ukiinua macho unaiona roshani. Nakshi zipo. Watu wanakula chipsi pale walipokuwa wakikaa wa tiketi za chini. Mtoto akiuliza hapa palikuwa nini, mzazi ana cha kumwonyesha.

Haya, kwetu je? Unguja ilijengewa sinema ya Royal mwaka 1921, kazi ya J.H. Sinclair, huyo huyo aliyechora jumba la makumbusho la Beit el-Amani. Ikaungua moto, na mahali pake ikasimama Majestic mwaka 1955. Pale ndipo bibi zetu walipokwenda siku za wanawake, na buibui zao, kuwalilia nyota wa filamu za Kihindi, kina Raj Kapoor. Sikukuu watoto walijipanga foleni na nguo mpya, kiinua mgongo cha mfungo mzima. Leo ukumbi ule ni gofu, mvua inaingia itakavyo, na huo ni Mji Mkongwe ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000! Hati ya urithi haijawahi kuziba paa.

Dar nako, Drive-In ya Msasani, ile sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari, haina hata ukuta wa kumwonyesha mtu. Kiwanja ni ubalozi wa Marekani.

Kinachoniuma si baa. Mtu asiyetaka baa asiingie, na Vuga hakuna aliyependekeza baa. Ingekuwa ukumbi wa harusi, mkahawa, duka la vitambaa, sawa, ilimradi paa lipo na mlango unafunguliwa kila asubuhi. Jengo lisilotumika halina wa kulifagia wala wa kugundua ufa ukiwa bado mdogo. Mnasubiri litumike kwa jambo takatifu, na huku mbao zinaliwa na mchwa.

Tena wapo watu wanaohangaika hivi sasa kulifufua Majestic. Ninyi mlioandika astaghfirullah, mmewachangia shilingi ngapi?