Naomba ushauri: DVD kwenye gari la nyumba inatoa sauti, picha hakuna

Wakuu, habari za muda huu. Naombeni msaada kwa mwenye uzoefu na magari ya nyumba, haya yenye vitanda na jiko ndani.

Deki ya DVD iko kabati la mbele, TV iko nyuma kwenye chumba cha kulala. Katikati kuna kiboksi cha kuchagulia antena au DVD, na kutoka hapo waya zinapita ndani ya ukuta. Nikiweka diski sauti inatoka safi, ila kioo kinabaki bluu tupu. TV iko kwenye AV (sehemu ya kupokea picha kutoka kwenye deki), hilo nimehakikisha. Deki nikiichomeka moja kwa moja kwenye TV kwa waya mfupi, picha inakuja vizuri tu.

Kilichonishangaza: nilipopitisha picha kwenye waya mwekundu (wa sauti ya kulia) badala ya wa njano (wa picha), ncha zote mbili, picha ikaja, ila spika ya kulia ikanyamaza. Nahisi wa njano umekatika ukutani kwa mitikisiko ya barabara.

Je, multimita (kipimo cha umeme) inaweza kuthibitisha hilo bila kubandua ukuta? Na nikiacha hivi hivi, sauti upande mmoja, kuna madhara kwa picha au kifaa?