Re: Kituo cha Utah kwa kijana wa miaka 15

Mama Baraka aliandika:
> Wapendwa, maji yamenifika shingoni. Baraka shule haendi, anavuta bangi, juzi kalala nje. Mshauri katuelekeza kituo cha bweni Utah, anasema watakuja watu wamchukue. Kuna aliyewahi kupeleka mtoto?

Dada Mama Baraka, pole sana. Kabla hujasaini, uliza watamchukuaje. Mara nyingi huja wanaume wawili wa miraba minne, saa tisa au saa kumi za usiku, wanamwamsha mtoto na kumwambia atakwenda, apende asipende. Wewe umesimama koridoni. Kisheria mara nyingi wanaweza, kwa sababu saini yako wanayo.

Kwenye vituo vingi vya aina hiyo, akifika, simu haigusi mpaka apande ngazi, yaani apewe daraja la juu kwa tabia nzuri. Akiipata, mfanyakazi yuko pembeni anasikiliza, na akianza kulalamika inakatwa. Nawe ulishaambiwa mapema: atalia, atasema anateswa, usimwamini, ni hila. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtoto anaitwa mwongo kabla hajafungua mdomo.

Kwa njia hiyo Marekani imevumilia vituo hivi zaidi ya miaka 50. Mwaka 1974 kamati ndogo ya Seneti ililinganisha mbinu za The Seed, kituo cha Florida, na zile za Korea Kaskazini za kuvunja akili za mateka. Mwaka 1976, Florida hiyohiyo, baadhi ya wazazi walioipenda The Seed wakaanzisha Straight, kituo kingine cha vijana wanaotumia dawa za kulevya. Mtoto mgeni alitembezwa akiwa ameshikwa suruali kiunoni kwa nyuma, na usiku alilala kwenye nyumba za wazazi wa wenzake, milango imefungwa. Mwaka 1985 Nancy Reagan, mke wa Rais wa Marekani, alimpeleka Princess Diana kukitembelea kituo chao kimoja, nchi nzima ikaona picha. Straight ilifungwa 1993.

Januari 2006 Martin Lee Anderson, miaka 14, alikufa baada ya walinzi wa kambi ya vijana wakosaji ya Florida kumpiga mbele ya kamera. Jimbo lilifunga kambi za aina hiyo, lakini walinzi mahakama iliwaachia. Mwaka 2007 wakaguzi wa Bunge la Marekani walisema kwamba mwaka 2005 pekee majimbo 33 yaliripoti wafanyakazi 1,619 waliohusika na matukio ya unyanyasaji katika vituo vya bweni. Watu walishtuka, kisha wakanyamaza. Wengi waliona hao ni watoto walioshindikana, na mzazi angefanya nini?

Mawazo yalianza kugeuka pale watoto wenyewe walipokuwa watu wazima wakasema. Februari 2021 Paris Hilton, mtu maarufu aliyewekwa kituo cha Utah alipokuwa kijana, alitoa ushahidi mbele ya wabunge wa Utah, na jimbo likapitisha sheria: ukaguzi mara nne kwa mwaka, mazungumzo ya faragha na familia kila wiki. Sheria ya kitaifa iliyosainiwa Desemba 2024 imeagiza utafiti tu, haijafunga kituo. Mshauri akikwambia serikali sasa inasimamia kila kitu, mwulize kituo kinamlipa nini.

Na sisi tuna letu. Tumelelewa kwa fimbo na bweni, tukisikia kambi ya jangwani tunafikiria JKT, Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania. Lakini JKT ya lazima huenda mtu aliyemaliza kidato cha sita, na kwao wanajua yuko wapi.

Omba taarifa za ukaguzi kwa ofisi ya leseni ya Utah. Kwanza kabisa mwone daktari wake, uliza kama bima inalipia tiba ya familia, ile ambayo mtaalamu huja nyumbani. Baraka akitamka kujidhuru, piga 988, simu ya Marekani ya msaada kwa anayetaka kujidhuru, saa hiyohiyo.
Dada Rehema

Baba Zuwena aliandika:
> Rehema, usimtishe mwenzio. Mtoto wa kaka yangu alipelekwa, karudi mtulivu, anasalimia wakubwa. Wazazi wanashukuru mpaka leo.

Shemeji, sikatai. Lakini hayo umeyasikia kwa wazazi. Kijana mwenyewe mmezungumza, baba yake akiwa hayupo? Naomba umpigie, umwache aseme mpaka amalize.

Mama Baraka, Jumatano jioni nipo. Njoo na huo mkataba tuusome pamoja, na Baraka akikubali, naye aje.