Kuchangiana mafuta ya ndege na rafiki mwenye PPL: ni urafiki au ni biashara?

Kipepeo wa Lang'ata
Wadau, nisaidieni. Binamu yangu ana PPL, ile leseni ya rubani binafsi, na hukodi Cessna 172, kile kindege cha viti vinne, pale uwanja wa Wilson, Nairobi. Tuko watatu tunataka atupeleke Diani, kule pwani, wikendi. Tukapanga gharama igawanywe mara nne, yaani mafuta, kodi ya ndege na ada za viwanja, naye alipe robo yake kama sisi. Mwalimu wake kusikia hivyo akamwambia athubutu aone. Eti mwenye PPL haruhusiwi kurusha ndege kwa malipo, na mchango wetu utahesabiwa malipo. Marekani kuchangiana kunaruhusiwa, bora rubani asilipe chini ya sehemu yake. Ulaya pia, mradi watu wasizidi sita pamoja na rubani. Sisi tunaogopa nini? Nikienda ushago na Probox ya jirani tukachanga mafuta, kuna mtu humwita jirani mfanyabiashara?

Mkaa Mbele
Probox ikizima unaegesha kando.

Spana 13
Mimi ni fundi wa ndege, Wilson ndiyo kazini, kwa hiyo mnisikilize kidogo. Sheria hiyo haikuanzia Nairobi. Kiambatisho cha 1 cha ICAO, lile shirika la anga la Umoja wa Mataifa, kinasema mwenye PPL anarusha bila malipo na katika safari zisizo za mapato. Basi. KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, wanafuata hapo hapo. Ukitaka kulipwa tafuta CPL, leseni ya rubani wa biashara: miaka 18, saa 200 angani au 150 ukipitia kozi iliyoidhinishwa, na daktari akupime kwa cheti cha daraja la kwanza. Na hata ukiipata usidhani utasimama getini Wilson uite abiria wa Diani. Kubeba umma kwa nauli ni kazi ya kampuni yenye leseni ya huduma za anga na cheti cha uendeshaji, ile AOC. CPL inakuruhusu kuajiriwa tu.

Halafu hesabu yenyewe. Watu wazima wanne, mabegi ya wikendi na matangi yamejaa, ndani ya 172? Wilson iko zaidi ya futi 5,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na jua la saa nane likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Hiyo ndege itatembea na lami mpaka mkaribie kusalimiana na swara wa mbugani. Mpunguze mafuta au mpunguze mtu.

Na mkifungua huo mlango wa mchango, mwezi ujao kutakuwa na kijana ameshika kibao: Diani, Diani, wa mwisho mmoja twende. Anga itageuka barabara ya matatu za Rongai.

Dereva wa 125
Ulikuwa unaongea vizuri kuhusu ndege, Rongai imeingiaje? Mimi niko kwa usukani wa matatu ya Rongai tangu waziri Michuki alete sheria zake 2004. Mishipi nilifunga, kidhibiti mwendo nilifunga, abiria wa kusimama nikawaacha steji. Kila siku napita hapo kwenu Wilson naona vindege vyenu vikiyumba juu ya barabara kama vimekunywa, na sijawahi kumtukana mtu.

Kipepeo wa Lang'ata
@Spana 13 nani amekuuliza kilo zetu? Nimeuliza sheria, wewe unanipima kiuno. Mabegi tutaacha. Na hujajibu: Marekani nao si wako ICAO? Mbona wao wanaruhusu?

Spana 13
Sikutaja kiuno cha mtu. Nimesema watu wazima wanne.

Wakili Bila Joho
Kipepeo, ruhusa ya Marekani imefungwa kamba. Kwanza lazima rubani awe na safari yake mwenyewe, nyinyi mnamdandia. Pili, hawezi kujitangaza kwa umma. Kuna vijana walianzisha Flytenow, mtandao wa kukutanisha marubani na watu wa kuchangia. FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, wakawakatalia 2014, mahakama ya rufaa ikasimama na FAA 2015, wakapanda Mahakama ya Juu, nayo 2017 ikakataa hata kuwasikiliza. Ulaya ndiyo iliyolegeza mpaka watu wakawa wanatafutana mtandaoni. Sasa wewe umetuandikia kwamba nyinyi ndio mnataka kwenda Diani, binamu awapeleke. Hata Marekani ungekuwa umejishtaki mwenyewe. Kama yeye ndiye anaenda na nyinyi mmeomba lifti, hapo ningekutetea bure.

Kipepeo wa Lang'ata
Si wakili hana joho? Weka hiyo bure yako.

Bi Zeituni wa Madaraka
Wanangu, hii si ya kuchezea. Yule mchezaji kutoka Argentina, Sala, Cardiff walimnunua akafa baharini kabla ya kucheza hata dakika moja. Nadhani ilikuwa 2018, rubani alikuwa amelewa au alisinzia.

Spana 13
Mama, ilikuwa Januari 2019, na hakuwa amelewa. Ni mbaya kuliko pombe. Rubani alikuwa na leseni binafsi tu, hakuwa na idhini ya kurusha usiku, na ile ilikuwa safari ya kulipwa. Wachunguzi walisema ndege ilimshinda akiwa gizani, na huenda wakati huo alikuwa ameshavuta kaboni monoksidi kutoka kwenye ekzosi. Aliyepanga safari alihukumiwa miezi 18 jela mwaka 2021. Sala hakujua amepanda nini. Yeye aliona ndege na rubani, akaingia.

Dereva wa 125
Ekzosi inavuja ndani ya ndege? Na sisi ndio mnaita wachafu? Mimi nikipita Bomas taa moja imeungua karao wa trafiki ananiona kabla sijajiona.

Kijana Mabawa
Mnabishana nani asilipwe. Mimi CPL ninayo na bado silipwi. Mzee aliuza shamba nikasoma, nikamaliza masaa yangu, nikaanza kuzungusha barua pale Wilson mpaka walinzi wakanizoea. Mwenye ndege mmoja akaniambia nikae kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, bure, malipo yangu ni masaa nitakayojaza kwenye kitabu. Kumbe FAA huko kwao huyahesabu masaa ya bure kuwa malipo! Mwenye PPL akipewa masaa ya kuruka pasipo kuyagharamia, kwao amelipwa. Hapa mtu mwenye leseni ya kulipwa anaambiwa ashukuru.

Na tusidanganyane na idadi. Baada ya ile ajali ya ndege ya kampuni ya Colgan karibu na Buffalo, Marekani, 2009, watu 50 wakafa, Marekani wakataka rubani msaidizi wa ndege za abiria awe na saa 1,500. Marubani wote wawili wa Colgan walikuwa nazo na zaidi. Yule msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka upande wa pili wa nchi ndipo afike kazini. Sasa niambieni: mimi ninayerusha bure, bosi akisema wingu lile si kitu, twende, nitamjibu nini wakati kuna wengine kumi mlangoni wanaotaka kiti changu?

Mtaa wa Saba
Shamba liliuzwa, ekari ngapi? Wengine shamba lenyewe hatukuona. Nyinyi ndio mkiajiriwa mnagoma. Novemba 2022 marubani wa KQ, Kenya Airways, waligoma, watu wakalala JKIA juu ya masanduku, shangazi yangu akakosa mazishi. Mshahara wa rubani mmoja unalisha plot nzima.

Kijana Mabawa
Umesoma nilichoandika? NIMESEMA SILIPWI.

Wakili Bila Joho
Na mgomo ule ulihusu hasa michango ya akiba ya uzeeni iliyokatwa wakati wa korona. Haukuwa wa kuongezewa mshahara tu.

Mtaa wa Saba
Shangazi alikosa mazishi, si akiba ya uzeeni.

Dereva wa 125
Kijana Mabawa, pole sana. Hiyo kazi yako kwetu inaitwa deiwaka, kibarua wa siku, tofauti ni kwamba deiwaka wa matatu jioni anatoka na kitu mkononi. Ulichosema cha bosi na wingu nimekielewa kuliko hawa wote. Gari likinitoka saa kumi na moja alfajiri, hesabu ya tajiri, ile pesa ya mwenye gari, inaanza kunisubiri hapo hapo. Msongamano uwe, mvua iwe, karao wachukue yao, hesabu haipungui. Sheria ya barabara inasema dereva wa PSV, gari la abiria, asiendeshe zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Saa 8 zikiisha hesabu bado iko nusu. Hapo nifanye nini, nimpelekee tajiri nakala ya sheria?

Bi Zeituni wa Madaraka
Kwa hiyo mwanangu unapitisha hizo saa 8.

Dereva wa 125
Mama, nimeuliza swali. Sijakiri kitu.

Mkaa Mbele
Wakili, mteja huyo.

Spana 13
Ndiyo tofauti ninayosema. Rubani wa kulipwa masaa yake yanaandikwa na kuhesabiwa. Ulaya akifikisha 900 kwa mwaka wa kalenda anashuka, hata kama ndege ina abiria. Akifika miaka 65, ndege za abiria basi, hata awe na afya ya ng'ombe. Hali ya hewa ikichafuka anaahirisha, mnalalamika lakini mko hai. Nyinyi mvua ikinyesha mnapandisha nauli.

Dereva wa 125
Na mnapanda.

Spana 13
Tutafanyaje? Tutembee mpaka Rongai?

Dereva wa 125
Mvua ikinyesha barabara inajaa, safari nne zinakuwa mbili, mafuta ni yale yale. Nauli inaongezeka yenyewe, mimi naitangaza tu.

Kipepeo wa Lang'ata
Jamani, swali langu? Tuseme abiria anaelezwa wazi kabla ya kupanda kwamba rubani si wa biashara, ndege si ya kampuni, anaandika sahihi yake. Watu wanne wanaojuana, hakuna faida, hakuna tangazo. KCAA hawawezi kuandika kanuni fupi ya hivyo? Kwa nini binamu yangu abebe gharama yote peke yake au akae chini leseni ikipata vumbi? Akiruka mara moja kwa miezi mitatu kwa sababu ya pesa, hiyo ndiyo salama?

Mtaa wa Saba
Dereva, juzi ile mvua ya jioni, kutoka Railways mpaka Rongai nimelipa mia mbili na hamsini. Taa za ndani zimezimwa, muziki mpaka meno yanacheza, na makanga ananiambia chenji nitapewa mbele. Mbele wapi? Nimeshuka bila. Hiyo ilikuwa yako?

Dereva wa 125
Andika namba ya gari.

Mtaa wa Saba
Mvua ile ningesimama nisome namba? Ilikuwa imechorwa simba nyuma.

Dereva wa 125
Simba Rongai ni kama kumi. Taja sako, ule ushirika wa gari.

Bi Zeituni wa Madaraka
Na mimi nilipanda ya simba siku hiyo, nikashukia Nyayo. Mia moja, mwanangu. Kutoka Railways hadi Nyayo.

Dereva wa 125
Mama, huyo simba alikuwa na taji au hana?