Misimamo ya Kiongozi wa Upinzani Bungeni: ya kwake, ya chama au ya kambi?

Mwanafunzi wa Sheria
Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Ninaandika tasnifu kuhusu Kiongozi wa Kambi Rasmi ya Upinzani katika Bunge la Tanzania, na nimemchagua Mheshimiwa Freeman Mbowe, aliyeishika nafasi hiyo kuanzia 2010 hadi 2020. Kwa kuwa wakati huohuo alikuwa Mwenyekiti wa CHADEMA na Mbunge wa Hai, nitatenganishaje kauli zake za Kiongozi wa Upinzani Bungeni (KUB) na zile za chama?

Msomaji wa Hansadi
Weka kando mikutano ya hadhara, uanze na Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Wizara ilipowasilisha bajeti, baada ya waziri na kamati, waziri kivuli, yaani msemaji wa Kambi kwa wizara hiyo, alisoma maoni ya Kambi. Mawaziri vivuli waliteuliwa na KUB, lakini hotuba iliyo yake hasa ni ile ya kujibu makadirio ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Soma pia maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu ya siku ya Alhamisi, maana pale hakuna aliyemwandikia. Bajeti mbadala, ile ya Kambi yenyewe, kwa upande mwingine, ilibeba mno fikra za msemaji wa fedha, hasa wakati wa Zitto Kabwe.

Bi. Mtafiti
Nakubaliana, ila usiichukulie Kambi kama kitu kimoja kwa miaka yote kumi. Mwaka 2010 ilikuwa ya CHADEMA peke yake. Baada ya Bunge Maalumu la Katiba la 2014, ambako UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, walitoka nje wakitetea muundo wa serikali tatu uliopendekezwa na Tume ya Jaji Warioba, vyama vya CUF na NCCR-Mageuzi viliingia katika Kambi, na kila hotuba ikawa zao la mashauriano.

Mdau wa Dodoma
Bi. Mtafiti, hapo kuna jambo umeliruka. Mwaka 2016 wabunge wa UKAWA walisusia vikao vilivyoongozwa na Naibu Spika Tulia Ackson, bajeti ikiwa inajadiliwa. Hoja yao kuhusu uendeshaji wa Bunge ilikuwa na uzito, lakini kwa maoni yangu gharama yake ilikuwa kubwa, kwa sababu hoja isiyosemwa ukumbini haimo katika kumbukumbu.

Bi. Mtafiti
Ukumbini, ndiyo, lakini mapema mwaka huohuo matangazo ya moja kwa moja ya TBC kutoka bungeni yalikuwa yamesitishwa, kwa hiyo hata aliyebaki ndani hakusikika kama zamani. Kususia nako ni msimamo, na mwanafunzi wetu auchambue hivyo.

Msomaji wa Hansadi
Ukomo wa 2020 umeuchagua vizuri. Kanuni zilidai asilimia 12.5 ya wabunge ili Kambi Rasmi iundwe; baada ya uchaguzi wa mwaka huo upinzani haukufikia kiwango hicho, na hotuba za mawaziri vivuli zikakoma.