Posta imekufa au mimi ndo nachelewa kuhama?

Mzee wa Rimu: Wakuu salaam. Nina ka-duka ka fotokopi na vifaa vya ofisi, fremu moja hapa Posta, katikati ya jiji la Dar, tangu 2012, nyuma ya jengo lililokuwa na wizara. Zamani mtu anatoka mle ndani anahema kaambiwa kopi ya cheti cha kuzaliwa imepungua, anataka na pasipoti saizi hapo hapo, rimu tano zinaisha kwa siku na sijakaa chini. Ilivyotangazwa 2016 kwamba serikali inahamia Dodoma tukacheka, si wanasema hivo tangu 1973, mara tunashangaa makabati yanapakiwa kwenye fuso. Sa hivi rimu moja inamaliza wiki, mashine ya pili nimeifunika kitenge. Yule mama wa supu na chapati pale kona nae kaondoka. Ikifika saa 12 jioni mtaani wamebaki kunguru na walinzi. Niende Kariakoo au nivumilie?

Binti Gerezani: Hamia Dodoma tu mzee, wateja wako wote wako Mtumba kwenye mji wa serikali 😂

Kijana wa Kongo: Mkuu Kariakoo usije kichwa kichwa. Huku fremu ina kilemba kwanza, yaani hela ya kuachiwa tu hiyo fremu, halafu dalali, halafu kodi ya miezi sita mkononi, ndo uanze kuongelea mtaji. Na fotokopi hapa utamtolea nani, mtu kaja na gunia kubeba madera. Hii biashara ya saa 24 iliyozinduliwa Februari 2025 ni nzuri sikatai, ila mteja wa saa 7 usiku anaangalia kwanza gari ya kumrudisha Mbagala.

Mama Wawili: Mimi naona mnailaumu Dodoma bure. Hata wizara zingebaki hizo kopi zingekufa, fomu zimehamia mtandaoni, pasipoti mtandaoni, maombi ya ajira mtandaoni. Shoga yangu ana kiduka Tabata, hana hata mashine kubwa, msimu wa mikopo ya wanafunzi ukifunguliwa anajaza fomu za Bodi mpaka usiku, mzazi kakaa kwenye benchi na bahasha ya vyeti anasubiri zamu. Wewe una vyuo, IFM hapo kwa miguu, CBE hapo barabara ya Bibi Titi, wanafunzi wanaprinti kazi zao wapi? Ila lazima ufungue Jumamosi baba, ratiba yako bado ya mtumishi wa umma.

Na tusidanganyane kwamba ukijenga jengo watu watakuja. Machinga Complex pale Karume ghorofa likajengwa, vizimba vikakaa vitupu miaka, machinga wenyewe wako chini barabarani maana ndo mteja anapopita, nani apande ngazi kutafuta soksi? Posta watu wanapita, mwendokasi inashusha Kivukoni, pantoni inamwaga watu wa Kigamboni kila asubuhi, tatizo hawana sababu ya kusimama na hakuna anayelala pale. Hayo maofisi matupu wangeyageuza vyumba vya kupanga vya bei ya kueleweka yule mama wa supu angerudi mwenyewe bila kuitwa.

Kijana wa Kongo: Hapo kwenye vyumba umegonga. Kariakoo inachangamka kwa sababu juu ya duka kuna mtu anakaanga samaki.

Mzee wa Rimu: Mama Wawili umenisema lakini sawa. Jumamosi kweli nafunga saa 6, mazoea tu. Vyumba mwenye jengo hataki kusikia, nikimwomba apunguze kodi ananijibu hapa ni mjini, na fremu mbili pembeni yangu zina kufuli zaidi ya mwaka. Hiyo ya kujaza fomu naianza, ila kwanza kuna mtu anauza skana nzima? Yangu inaweka mstari mweusi katikati ya cheti, na Bodi sidhani kama watanielewa.